Hisa Moja ya Madam

Madam hakupenda mtu aseme "kampuni yangu." Ukisema hivyo mbele ya meza yake, aliweka kalamu chini na kuuliza, "Yako vipi?" Ukimjibu kwamba umeisajili wewe, mtaji umetoa wewe, na asubuhi unaamka kuifungua wewe, alikuacha umalize yote. Kisha alisema, "Kwa hivyo wewe una hisa. Kampuni ni ya kampuni."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko mahubiri, kwa sababu kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Tulikuwa wapangaji wa ghorofa ya kwanza katika jengo la zamani huko Bondeni, Nakuru, juu ya duka la vipuri vya magari. Mimi nilishona sare za shule kwa mashine tatu na washonaji wawili. Yeye alikuwa mshauri wa kodi. Alikuwa ametumikia ofisi ya kodi miaka mingi, akastaafu, akakodi chumba, akabandika mlangoni karatasi iliyoandikwa kwa mkono: KODI NA KAMPUNI. BISHA KWANZA. Kila mtu alimwita Madam, hata wazee waliomzidi umri. Mimi sikuwahi kumwita jina lingine, na hapa pia sitamwita.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa sweta ya kijivu hata Februari wakati jua la Nakuru linachoma mabati. Chai hakunywa. Alikunywa maji moto matupu kutoka kwa thamosi, na saa saba alikula hindi moja la kuchemsha, akilikata punje kwa kisu kidogo alichokiweka kwenye droo pamoja na muhuri. Hakuwa na gari, lakini aliyapenda magari kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mashindano ya magari yalipopita upande wa Elementaita alifunga ofisi siku nzima, akaenda kusimama kando ya njia ya vumbi na kitambaa usoni. Kesho yake alirudi na vumbi bado liko masikioni, akaanza kuwaeleza wateja ni dereva gani alikata kona vibaya, kabla hajawauliza wameleta shida gani.

Shida zenyewe zilifanana. Mtu alikuwa na duka au karakana, ameliandikisha kama jina la biashara tu. Akapata kazi kubwa, akaambiwa kazi hiyo hupewa kampuni. Akaenda kwa wakili, akatoka na cheti chenye neno "limited" mwishoni, akakining'iniza ukutani, na akaendelea kuishi kama jana.

Ninayemkumbuka zaidi ni mzee mmoja wa viazi kutoka Olenguruone. Alikuwa na malori mawili na kampuni yenye hisa mia moja. Tisini na tisa zake, moja ya mke wake. Alikuja ameshika barua ya ofisi ya kodi, na sauti yake ilikuwa inapita plaiwudi kama hakuna kitu.

"Madam, mimi nimelipa! Risiti hizi hapa. Kila mwaka nimelipa."

"Umelipa ya nani?"

"Yangu."

"Na ya kampuni?"

"Kampuni si ni mimi? Mama ana hisa moja tu, na hata hajui iko wapi."

Nilisimamisha mashine. Washonaji wangu pia walisimamisha zao. Tulijua somo linakuja.

"Mzee," Madam akasema, "kule kuna faili mbili. Moja ina jina lako, hiyo imeshiba. Nyingine ina jina la kampuni, na haijawahi kuona karatasi tangu ifunguliwe. Wao hawaangalii nani anaendesha lori. Wanaangalia faili."

Akamweleza polepole, bila kumdharau. Ulipokuwa na jina la biashara tu, wewe na biashara mlikuwa mtu mmoja mbele ya serikali. Faida ya viazi ilikuwa mapato yako, ikaingia kwenye fomu yako, na kodi ikapanda ngazi kwa ngazi kadiri ulivyopata. Siku ulipopata cheti, alizaliwa mtu mwingine. Ana PIN yake, yaani namba ya mlipa kodi, ana fomu yake ya kila mwaka, na faida yake hukatwa asilimia thelathini, iwe kubwa au ndogo. Wewe ukitaka kitu kutoka kwake, akulipe mshahara na ukatwe kodi kama dereva wake, au akupe gawio la faida kwa utaratibu wake. Kuwa peke yako ndani hakubadilishi chochote.

"Hata mkiwa mia," akasema, "hata ukiwa wewe na hiyo hisa moja ya Mama, ni kampuni. Hakuna sanduku la tatu kwenye fomu la kuandika 'lakini ni mimi tu.'"

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini wakili hakuniambia?"

"Ulimlipa akuandikishie. Hukumlipa akuambie."

Kesho yake alikwenda naye ofisi ya kodi. Mzee mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba Madam alikaa kwenye benchi kama mtu yeyote, akakataa kupitishwa mbele na maofisa aliowafundisha kazi. Walipoitwa alizungumza robo saa. Alichokuwa amelipa mzee kwa jina lake kikaelekezwa kwenye faili iliyokuwa tupu, akabakishiwa adhabu ya kuchelewa, na malori hayakuguswa. Mzee alimletea gunia la viazi. Madam alilirudisha ngazi zote chini, kisha akanunua kwake debe moja kwa bei ya sokoni na kudai risiti.

Sitaki kumpamba. Alikuwa na ulimi mkali, na wakati mwingine aliutumia pasipo sababu. Siku moja walikuja kijana na msichana waliokuwa wanakaribia kufunga ndoa, wakitaka kufungua kampuni ya kukodisha hema na viti. Hisa hamsini kwa hamsini. Walikuwa wanacheka wakijaza fomu. Madam akauliza, "Na mkiachana?" Msichana alitoka analia. Nilikasirika, nikaenda kubisha mlango wake.

"Madam, si ungewaacha wafurahi kidogo?"

"Wafurahi huko nje, Fundi. Hapa ni ofisi."

Hakuwa na wasiwasi kwamba amemuumiza mtu. Lakini baadaye nilikuja kujua kwamba kuna mambo aliyokataza watu na yeye mwenyewe akayafanya. Alisema kila wiki, "Usiweke jina lako kwenye kitu ambacho hukiendeshi." Alisema kwa wake, kwa mashemeji, kwa vijana walioombwa na matajiri wao kutia sahihi. Nami niliamini kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angefanya hivyo.

Mwaka 2007 shule moja kubwa ilitangaza tenda ya sare. Nilikuwa nimeishonea shule hiyo vipande vipande kwa miaka, lakini sasa mwalimu mkuu aliniambia watachukua kampuni tu. Nikaingia kwa Madam kama mteja, kwa mara ya kwanza nikiwa upande ule wa plaiwudi. Sheria ya wakati huo ilitaka kampuni ndogo kabisa iwe na watu wasiopungua wawili. Hiyo ndiyo sababu kila mtu aliyekuwa peke yake alitafuta wa kushika hisa moja.

"Wa pili ni nani?" akaniuliza.

Sikuwa nimeolewa. Mama alikuwa amefariki. Ndugu yangu mkubwa na mimi tulikuwa hatujasemezana miaka minne, tangu alipozungushia ua ploti ya baba huko Njoro na kuniambia msichana hana haja na ploti. Washonaji wangu nilikuwa nawaandika kwa wiki. Nilipitia majina kichwani, na yalikwisha haraka kuliko nilivyotarajia.

Madam alingoja. Kisha akaivuta fomu, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa pili.

"Tisini na tisa zako. Moja nitakushikia mimi. Sitaki mshahara, sitaki gawio, na usiniite mkutanoni isipokuwa sheria inataka. Ukipata mtu wako, nitamwachia." Kisha akaongeza, kama anasoma tangazo: "Na ujue hili. Mimi nikifa, umebaki mmoja. Ukiendelea na biashara zaidi ya miezi sita ukijua uko mmoja, deni la kampuni la kipindi hicho linaweza kukufuata wewe, mpaka kitandani. Ule ukuta kati yako na kampuni unaanguka. Kwa hivyo tafuta mtu."

Niligundua baadaye kwamba sikuwa peke yangu. Tulikuwa kumi na mmoja. Alikuwepo fundi magari ambaye watoto wake walihamia ng'ambo na hawakutaka kusikia habari za gereji. Alikuwepo binti wa familia ya Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye ndugu zake waliacha kusema naye alipoolewa nje ya jamii yao. Wengine walikuwa wajane, wengine wagomvi tu. Sisi sote tulikuwa na hisa tisini na tisa, na mtu wetu wa pili alikuwa yule yule mwanamke wa sweta ya kijivu.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Fundi, mashine zako zimenyamaza. Rudi ukashone."

Nilipata tenda. Nikalipwa mshahara na kampuni yangu, samahani, na kampuni, na kwa miezi michache nilijiona mtu.

Kisha ikaja Januari 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi. Mimi na Madam lugha zetu za nyumbani ni tofauti, na wiki zile lugha ya nyumbani ndiyo iliyoulizwa kwanza. Tulikuwa tunakaa mtaa mmoja, nyumba za zamani za kaunsili, yeye mstari wa chini na mimi wa juu. Wanaume wawili ambao alikuwa anawasaidia kila mwaka kujaza fomu zao walikuja kumwambia ni afadhali aondoke kabla ya jioni. Nadhani walimpenda, kwa namna yao. Aliondoka na lori la kanisa lililosindikizwa na polisi mpaka Gilgil, kwa dada yake. Sikumwona akiondoka. Alinipigia simu akiwa huko.

"Fundi, uko hai?"

"Niko, Madam."

"Nyumba nimeiacha, hiyo si kitu. Faili ziko kwenye kabati la kushoto. Hizo si zangu."

"Madam, huku nje watu wanachomewa nyumba."

"Najua. Kama ni hatari usiende. Nimekuambia tu mahali ziko."

Asubuhi ya tatu mji ulitulia kidogo. Nilikwenda na mshonaji wangu mmoja, mwanamke mwenye nguvu, na mkokoteni tuliouazima. Mlango wa duka la vipuri ulikuwa umepindwa kama karatasi. Juu kulikuwa bado salama. Mlango wa Madam ulikuwa na kufuli mbili za chuma, kwa hivyo tuliingia chumbani kwangu, tukachukua bisibisi, tukafungua plaiwudi skrubu moja moja mpaka kipande kizima kikatoka.

Mkokoteni ulikuwa mmoja, na ungebeba mzigo mmoja. Niliziangalia mashine zangu, halafu nikaliangalia kabati. Nikajiambia mashine ni nzito, hakuna mtu atakayezibeba haraka, nitarudi mchana. Tukafunga faili ndani ya vitambaa vya sare, maruni na kijani, tukazirundika, tukashuka.

Kwenye kona ya pili vijana walikuwa wameweka mawe barabarani.

"Mathe, umebeba nini?"

"Sare za shule."

"Shule gani imefunguliwa?"

"Zitafunguliwa."

Mmoja akabonyeza furushi, akasikia kitu kigumu. Akaingiza mkono, akatoa faili, akasoma jalada. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta jina la ukoo, jina ambalo lingemwambia mwenyewe ni mtu wa wapi. Lakini juu ya jalada kulikuwa na maneno mawili ya kawaida na "Limited" mwishoni. Ilikuwa ya yule mzee wa viazi.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu. Ni kampuni."

"Ya kina nani?"

Nikamjibu kitu pekee kilichokuja. "Kampuni ni ya kampuni."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Mwenzake akacheka. "Wacha mathe apite, amechoka huyu." Akairudisha faili, na wakasogeza jiwe moja ili gurudumu lipite.

Sikurudi mchana. Saa nane moshi ulionekana upande wa duka la vipuri, na kufikia jioni ghorofa yetu ilikuwa imeanguka juu ya duka. Mashine zote tatu ziliungua. Mojawapo nilikuwa nimeinunua kwa mwalimu wangu wa ushonaji, na sijapata nyingine inayotembea namna ile.

Nitasema ukweli: kwa wiki kadhaa nilimchukia Madam. Nililala kwenye chumba kilichojaa karatasi za wateja wa Madam, bila mashine hata moja, na kila nikigeuka nilikuwa nakwaruzwa na kona ya faili. Tenda ilikufa. Nilishona vifungo kwa mkono.

Mwezi wa Agosti alinipigia simu. Akasema nimpelekee faili, na nije na mtu wangu.

Nyumba ya dada yake ilikuwa nyuma ya bucha, karibu na barabara kuu. Nilimkuta kitandani, na meza imewekwa pembeni yake na karatasi zimepangwa juu. Alikuwa amepungua mpaka mikono ya sweta ilionekana ya mtu mwingine. Daktari alikuwa amemwambia kwamba siku zake zinahesabika, na yeye alikuwa amekichukua kama tarehe ya kuwasilisha fomu. Wenye hisa tisini na tisa alikuwa amewaita mmoja mmoja. Kumi walikuwa wameshakuja na watu wao, ametia sahihi, hisa imehamia kwa mwingine. Yule fundi magari alimleta jirani yake. Binti wa duka la vitambaa alimleta mama yake mzazi, na dada yake Madam aliniambia walikaa pale saa nzima bila kuzungumza, kisha wakaondoka pamoja. Nilikuwa nimebaki mimi.

"Umeleta nani?"

"Ndugu yangu. Yuko nje kwa geti."

"Yule wa ploti?"

"Yule wa ploti."

Mwezi wa pili, nilimweleza, ndugu yangu alitoka Njoro kunitafuta. Alikuwa amesikia jengo limeungua. Alizunguka siku mbili kwenye kambi ya waliokimbia makwao, akisoma orodha za majina moja baada ya nyingine, mpaka mtu wa mtaani kwetu akamwambia niko hai na niko nyumbani. Alipofika mlangoni hakuingia mpaka nilipomwambia aingie.

"Mmemaliza maneno?" Madam akauliza.

"Hatujaanza."

Madam akafikiria. "Ni hisa moja," akasema. "Haiwezi kuharibu mengi. Mwite."

Ndugu yangu aliingia kofia mkononi. Madam alimuuliza kitambulisho, akamuuliza PIN, akamweleza yote kama alivyomweleza mzee wa viazi, bila kuruka hata neno. Aliposikia habari ya miezi sita, ndugu yangu aliniangalia kwa mara ya kwanza siku ile, akatia sahihi. Madam akatia ya kwake, polepole, akishikilia karatasi kwa kiganja. Kisha ndugu yangu akatoka kutafuta gari la kuturudisha.

Tulibaki wawili.

"Mashine zako," akasema. "Niliambiwa."

"Ziliungua."

"Nilikuambia usiende kama ni hatari."

"Hukuniambia niache mashine."

"Hapana," akasema. "Hilo sikukuambia." Nikajua hiyo ndiyo samahani, na hakuna nyingine itakayokuja. Nilikuwa nimekuja na maneno mengine ya kumwambia. Yaliniishia.

Badala yake nikamuuliza tena kwa nini alitushikia hisa. Safari hii hakunifukuza.

Alisema kwamba alipokuwa bado ofisini, ilikuwepo kampuni ya mtu na mkewe, ya kusaga unga. Mume akafa. Mke hakujua habari ya watu wawili wala miezi sita; aliamka tu kila siku akafungua kinu, kwa sababu watoto walikuwa shuleni. Ofisi ilimwandikia barua mara ya kwanza, ikamweleza amebaki mmoja, naye hakuielewa. Alipitisha mwaka mzima hivyo. Kodi ya kampuni ikalala, wauzaji wa mahindi nao wakadai.

"Barua ya mwisho niliiandika mimi," Madam akasema. "Kwamba sasa deni ni lake yeye, si la kampuni. Ilikuwa barua sahihi, Fundi. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma. Hata koma haikukosea."

"Ikawaje?"

"Aliuza nyumba. Akaenda kukaa kwa watu." Alivuta shuka mpaka mabegani. "Nilikutana naye sokoni baadaye, mara moja. Alinisalimia vizuri. Aliniuliza habari za nyumbani."

Akageukia ukuta. Nilidhani amelala, lakini macho yake yalikuwa wazi. Nikakaa pale mpaka ndugu yangu aliponiita kutoka nje kwamba gari limepatikana.